Mitishamba na Mishipa ya Damu: Kipimo Kitangulie Sifa

Katika miji na vijiji vya Afrika ya Mashariki imekuwa jambo la kawaida siku hizi kuona pakiti, chupa na vidonge vya mitishamba vikiuzwa kwa maelezo yenye sura ya kisayansi. Zamani muuzaji aliridhika kusema kwamba dawa yake "husafisha damu". Leo karatasi iliyobandikwa juu ya chupa husema kwamba dawa hiyo "ina vizuia oksidisho" na kwamba, kwa sababu hiyo, "hulinda moyo na mishipa". Maneno yamebadilika, na mtu aliyepita shule ya sekondari huyaamini zaidi kuliko yale ya zamani, kwa kuwa yanafanana na aliyoyasoma katika somo la kemia. Hoja ya makala haya ni kwamba maneno hayo mapya, kwa jinsi yanavyotumiwa mara nyingi, hayathibitishi lolote zaidi ya yale ya zamani. Na kwamba mitishamba yenyewe inastahili kupimwa vizuri zaidi ya hapo.

Jambo hili linahusu uhai wa watu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba watu wazima wapatao bilioni 1.28, wenye umri wa miaka 30 hadi 79, walikuwa na shinikizo la juu la damu, na kwamba karibu nusu yao, yaani asilimia 46, hawakujua kuwa wanalo. Maradhi haya aghalabu hayana maumivu. Mgonjwa hujiona mzima mpaka siku anapopatwa na kiharusi, au figo na moyo vinapoanza kushindwa kazi. Mtu wa namna hiyo akiacha vidonge alivyoandikiwa hospitalini, akashika chupa aliyoinunua sokoni, hatajua kama amekosea, kwa sababu mwili wake haumwambii. Hisia zake haziwezi kuwa shahidi. Hapana budi shahidi awe kipimo.

Oksidisho na Mshipa wa Damu

Kabla ya kuhukumu madai ya wauzaji ni haki kwanza kueleza nadharia wanayoitegemea, maana nadharia yenyewe ina msingi. Seli za mwili hutumia oksijeni kupata nguvu kutoka katika chakula. Sehemu kubwa ya oksijeni hiyo huishia kuwa maji. Lakini sehemu ndogo hupokea elektroni moja tu na kugeuka kuwa supaoksidi, ambayo ni moja ya zile ziitwazo radikali huru, yaani kemikali zenye elektroni isiyo na mwenzake. Radikali nyingi za aina hii huwa nyepesi kunyang'anya elektroni kutoka kwa mafuta, protini na viini vya urithi vilivyo karibu nazo.

Mwaka 1956 Denham Harman wa Marekani alipendekeza kwamba kuzeeka kwa viumbe kunatokana na madhara ya radikali hizo yanayokusanyika kidogo kidogo. Mwaka 1969 Joe McCord na Irwin Fridovich, katika Chuo Kikuu cha Duke, walionyesha kwamba mwili una kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuiondoa supaoksidi. Kwa hiyo mwili haukuachwa bila walinzi. Radikali zinapozidi nguvu za walinzi hao, hali inayotokea huitwa mkazo wa oksidisho.

Mishipa ya damu huathirika kwa njia ya pekee. Mshipa si kama bomba la chuma lipitishalo maji. Upande wake wa ndani umetandikwa safu moja ya seli nyembamba, iitwayo endothelia, na safu hiyo ndiyo inayouamuru mshipa kutanuka. Jambo hili lilibainika mwaka 1980, wakati Robert Furchgott na John Zawadzki wa New York walipotangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya vipande vya aota ya sungura. Kipande chenye endothelia kamili kilipotiwa asetilikolini kililegea. Kipande ambacho safu hiyo ilikuwa imekwanguliwa hakikulegea. Ilidhihirika kwamba seli za ndani hutoa kitu kinachoulegeza msuli wa mshipa. Miaka michache baadaye kitu hicho kilitambuliwa kuwa oksidi ya nitriki, NO, gesi ambayo wengi waliijua kama uchafu wa moshi wa magari. Mwaka 1998 Furchgott, pamoja na Louis Ignarro na Ferid Murad, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Uhusiano wa oksidisho na mshipa uko hapa. Supaoksidi ikikutana na oksidi ya nitriki, viwili hivyo huungana upesi sana na kufanya peroksinitriti. Oksidi ya nitriki hupotea, mshipa hukosa amri ya kulegea, na zao la muungano huo lenyewe hudhuru seli. Kwa hiyo anayesema kwamba kitu kiwezacho kupunguza supaoksidi huenda kikausaidia mshipa, hasemi upuuzi. Anasema jambo linalofaa kuchunguzwa. Kosa huanza pale jambo linalofaa kuchunguzwa linapouzwa kama jambo lililokwisha kuthibitishwa.

Neli ya Majaribio Hujibu Swali Gani?

Kila mwalimu wa kemia anaweza kuonyesha darasani jinsi kizuia oksidisho kinavyofanya kazi. Achukue maji yenye wanga kidogo, ayadondoshee iodini, nayo yatageuka kuwa na rangi ya buluu iliyoiva. Kisha adondoshe maji ya limau, tone baada ya tone. Rangi itafifia na mwisho itatoweka, kwa sababu vitamini C iliyomo katika limau huipa iodini elektroni na kuigeuza kuwa iodidi. Wanafunzi watashangilia, na mwanafunzi mmoja huenda akasema kwamba limau, basi, hulinda moyo.

Hapo mwalimu achukue neli nyingine ya buluu ile ile, na badala ya limau atie thiosulfeti ya sodiamu, chumvi inayotumiwa katika maabara za shule na ambayo wapiga picha waliitumia kusafishia picha. Rangi itatoweka vile vile. Je, thiosulfeti nayo inywewe kila asubuhi kwa ajili ya moyo? Hakuna atakayekubali. Jaribio limeonyesha kwamba vitu vyote viwili vinaweza kutoa elektroni ndani ya neli ya kioo. Halikuonyesha lolote juu ya tumbo, ini, damu, au ukuta wa mshipa.

Vipimo vingi vinavyotajwa katika matangazo ya mitishamba ni vya jamii hiyo hiyo, ijapokuwa vyombo vyake ni vya gharama zaidi. Unga wa jani hutiwa katika kemikali yenye rangi, na kasi ya kufifia kwa rangi huandikwa kama "nguvu" ya jani. Kwa miaka kadhaa Wizara ya Kilimo ya Marekani ilikuwa na orodha ya vyakula iliyopangwa kwa kipimo cha namna hiyo. Mwaka 2012 wizara iliiondoa orodha hiyo hadharani, ikieleza kwamba tarakimu zake hazikuonyesha faida yoyote kwa afya ya binadamu na kwamba zilikuwa zikitumiwa vibaya na makampuni ya kuuzia vyakula na virutubisho.

Ugumu hauishi hata mtu akipima damu yenyewe. Mwaka 2004 Silvina Lotito na Balz Frei, katika Jimbo la Oregon, walichunguza watu waliokula matufaha. Damu ya watu hao ilionyesha uwezo mkubwa zaidi wa kuzuia oksidisho, na mtu mwenye haraka angesema kwamba kemikali za matufaha zimeingia katika damu na kuilinda. Wachunguzi hao walitafuta chanzo, wakakuta kwamba ongezeko hilo lilitokana na asidi ya yuriki. Sukari ya matunda, fruktosi, ilikuwa imeufanya mwili wenyewe utengeneze asidi hiyo kwa wingi zaidi, na asidi ya yuriki ikizidi huleta jongo. Kipimo kilisema kweli kwamba uwezo umeongezeka. Lakini kilichoongezeka hakikuwa kile kilichodhaniwa.

Kutoka Kioo Hadi Mshipa, na Kutoka Mshipa Hadi Mtu

Anayetaka kujua kama mmea fulani unasaidia mishipa ya damu hana budi kupanda ngazi, na kila daraja ina swali lake.

Daraja ya kwanza baada ya neli ni mshipa uliotengwa. Pete ndogo ya mshipa wa panya au sungura huning'inizwa baina ya kulabu mbili ndani ya maji ya chumvi yenye joto la sentigredi 37, huku oksijeni ikipita humo. Kulabu moja imeunganishwa na chombo kinachopima mvuto. Mshipa hukazwa kwanza kwa kemikali mahususi, kisha hutiwa asetilikolini, na chombo huonyesha umelegea kiasi gani. Baadaye mchunguzi huongeza kitu kinachozalisha supaoksidi, na mshipa hushindwa kulegea kama awali. Sasa ndipo dondoo la mmea hujaribiwa: je, linaurudishia mshipa uwezo wake? Mchunguzi mwangalifu huwa na pete nyingine ambazo endothelia yake imekwanguliwa, ili ajue kama mmea unapitia safu hiyo au unalegeza msuli wenyewe. Huwa pia na pete zinazopewa kiyeyushio kitupu, yaani maji au alkoholi iliyotumika kutolea dondoo, kwa sababu alkoholi peke yake inaweza kubadili mshipa.

Hili ni jaribio zuri, nalo limefundisha mengi. Hata hivyo pete ya mshipa haina tumbo wala ini. Katika maabara dondoo humwagwa moja kwa moja juu ya seli, aghalabu kwa wingi usioweza kupatikana katika damu ya mtu aliyekunywa kikombe kimoja. Rangi nyekundu na za zambarau za mimea, kwa mfano, hufyonzwa kidogo sana kutoka matumboni, na hicho kidogo hubadilishwa na utumbo na ini kabla hakijafika kwenye mishipa. Wanyama wazima hutoa sehemu ya jibu, na pia huonyesha mapema kama mmea una sumu.

Daraja ya mwisho ni mtu. Mwaka 1992 David Celermajer na wenzake, mjini London, walieleza njia ya kupima kazi ya endothelia bila kumchoma mtu sindano. Mkono hubanwa kwa dakika chache kwa mfuko wa hewa kama ule wa kupimia shinikizo, kisha hufunguliwa. Damu hurudi kwa kasi, na mshipa wenye afya hutanuka. Mawimbi ya sauti isiyosikika hupima kipenyo chake kabla na baada. Zaidi ya hapo kuna kipimo cha shinikizo la damu, na juu ya vyote kuna hesabu ya waliopata kiharusi, waliougua moyo, na waliofariki. Hicho cha mwisho ndicho mgonjwa anachokitaka kujua. Rangi iliyofifia katika kioo iko mbali nacho sana.

Mfano wa Rosela

Ili maelezo haya yasibaki hewani, yafaa kutazama mmea unaojulikana sana. Rosela, ambayo wengine huiita choya, na ambayo wataalamu wa mimea huiita Hibiscus sabdariffa, hunywewa Afrika ya Mashariki ikiwa baridi au moto. Huko Sudani na Misri huitwa karkade, na Senegali huitwa bissap. Wanywaji wengi husema kwamba hushusha shinikizo la damu.

Mwaka 2010 Diane McKay na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, walichapisha jaribio juu ya dai hilo. Walichukua watu 65 ambao shinikizo lao lilikuwa limepanda kidogo na ambao hawakuwa wakitumia dawa za kulishusha. Kwa kura, baadhi yao walipewa rosela, vikombe 3 kwa siku, kila kimoja mililita 240, kwa wiki 6. Wengine walipewa kinywaji cha kuiga kisichokuwa na rosela. Mwishoni, kipimo cha juu cha shinikizo, kile cha wakati moyo unapominya, kilikuwa kimeshuka kwa wastani wa milimita 7.2 za zebaki kwa wanywaji wa rosela. Kwa kundi la ulinganishi kilishuka kwa milimita 1.3.

Tarakimu hizi zina mafunzo matatu. Kwanza, kundi la ulinganishi nalo lilishuka, ijapokuwa halikunywa rosela hata tone. Kama kundi hilo lisingekuwapo, rosela ingesifiwa kwa kazi isiyo yake. Pili, baada ya kuondoa mchango huo, tofauti iliyobaki, karibu milimita 6, ni ya maana na inastahili kuchunguzwa zaidi. Mmea wa wazee umepimwa, na haukuaibika. Tatu, matokeo hayo yana mipaka iliyo wazi. Watu walikuwa 65, muda ulikuwa wiki 6, na shinikizo lao halikuwa kali. Jaribio halisemi kwamba mgonjwa mwenye shinikizo kali aache dawa zake. Wala halisemi kwamba rosela hufanya kazi kwa kuzuia oksidisho, kwani mmea unaweza kushusha shinikizo kwa njia nyingine, kwa mfano kwa kumfanya mtu akojoe zaidi. Muuzaji anayelitaja jaribio hili bila kuitaja mipaka yake amesema nusu ya habari.

Nadharia Nzuri Ilipoanguka

Huenda msomaji akauliza: kama nadharia ya oksidisho ina msingi, kuna haja gani ya majaribio marefu yenye gharama? Jibu limo katika historia ya beta-karotini, ile rangi ya karoti ambayo nayo ni kizuia oksidisho. Uchunguzi wa awali ulionyesha kwamba watu wanaokula mboga na matunda kwa wingi hupatwa na saratani ya mapafu mara chache zaidi. Nadharia ilikuwapo, neli za majaribio zilikubali, na wataalamu wengi waliamini. Huko Finilandi wavutaji sigara wanaume 29,133, wenye umri wa miaka 50 hadi 69, waliingizwa katika jaribio kubwa, ambalo baadhi yao walipewa vidonge vya beta-karotini. Matokeo yalipotolewa mwaka 1994, waliopewa beta-karotini walikuwa wamepatwa na saratani ya mapafu zaidi ya wenzao kwa asilimia 18. Jaribio jingine la Marekani, lenye watu 18,314, lilisimamishwa kabla ya wakati wake mwaka 1996 kwa sababu dalili zake zilielekea huko huko.

Kwa upande wa moyo, mwaka 2000 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililowahusu wagonjwa 9,541 waliokuwa katika hatari kubwa ya maradhi ya moyo na mishipa. Vitamini E, kizuia oksidisho maarufu, ilitolewa kwa zaidi ya miaka 4. Haikupunguza maradhi ya moyo, viharusi, wala vifo.

Wanafunzi wasistaajabu sana kwa matokeo hayo. Radikali huru si adui tu. Chembe nyeupe za damu hutumia supaoksidi kuulia vijidudu, na seli hutumia radikali kwa kipimo chake kama ishara. Mwaka 2009 Michael Ristow na wenzake wa Ujerumani walionyesha kwamba vijana waliomeza vitamini C na E kwa wingi wakati wa mazoezi ya mwili walikosa baadhi ya faida ambazo mazoezi huleta katika matumizi ya sukari mwilini. Mwili ni kama jiko la mkaa: moto ukizidi huunguza chungu, na ukizimwa kabisa chakula hakiivi.

Hoja za Wanaopinga Vipimo

Wapo wanaosema kwamba kuidai mitishamba ithibitishwe katika maabara ni kuwadharau wazee. Historia haiwaungi mkono. Tu Youyou wa China alipotafuta dawa ya malaria aliisoma maandishi ya kale ya tiba, na katika kitabu cha Ge Hong, cha karne ya 4, alikuta maelezo ya mmea ulioloweshwa katika maji na kukamuliwa. Hapo akatambua kwamba huenda joto la kuchemsha lilikuwa likiiharibu dawa. Akatoa dondoo kwa etha, kwa joto dogo. Mwaka 1971 sampuli ya 191 iliwaponya panya wote waliojaribiwa. Artemisinini iliyopatikana humo ndiyo asili ya dawa mseto ambayo Tanzania ilianza kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2006, na Tu alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Vipimo viliitoa hekima ya kitabu cha kale na kuipeleka katika zahanati za dunia nzima.

Wapo pia wasemao kwamba kitu cha asili hakidhuru. Hawa na watazame mmea wa Kihindi uitwao sarpagandha, uliotumiwa tangu kale. Mwaka 1949 Rustom Jal Vakil wa Bombay aliandika katika jarida la Uingereza la maradhi ya moyo kwamba ulishusha shinikizo la damu la wagonjwa wake, na mwaka 1952 kemikali yake, reserpini, ilitengwa. Ilikuwa dawa ya kweli, na kama dawa za kweli nyingi ilikuwa na madhara: baadhi ya wagonjwa walipatwa na huzuni nzito. Msesewe, ambao gome lake Wachagga hulitia katika mbege, ni wa jamii hiyo hiyo ya mimea. Nguvu ya kuponya na nguvu ya kudhuru mara nyingi hukaa katika jani moja, na kipimo ndicho huzitenganisha.

Hata jina la mmea linaweza kuua likikosewa. Mwaka 1993 madaktari wa Ubelgiji walitangaza kwamba wanawake waliokuwa wakitumia vidonge vya mitishamba vya kupunguza unene walikuwa wameharibika figo. Baadaye ilibainika kwamba mmea mmoja wa Kichina uliotakiwa ulikuwa umebadilishwa na mwingine, aina ya Aristolochia, wenye sumu kali kwa figo na uletao saratani ya njia ya mkojo. Ndiyo maana mchunguzi wa kweli huanza kwa kukausha tawi la mmea, kulipa jina lake la kisayansi, na kulihifadhi ili mwingine aje kulikagua.

Hoja ya tatu, ya gharama, ndiyo nzito kuliko zote. Majaribio ya maelfu ya watu yanahitaji fedha ambazo nchi changa hazina kwa wingi. Lakini jaribio la watu 65 kwa wiki 6 liko ndani ya uwezo wa chuo kikuu na hospitali ya mkoa. Mashine ya kupimia shinikizo la damu si ghali. Elimu ya kupanga makundi kwa kura haina bei. Tanzania ilianzisha kitengo cha utafiti wa dawa za asili huko Muhimbili tangu mwaka 1974, na ikapitisha Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala mwaka 2002. Msingi upo. Kilicho haki kudai ni kwamba kila dai linalobandikwa juu ya chupa litaje limefika daraja gani: neli ya kioo, mshipa uliotengwa, mnyama, au mtu; na kama ni mtu, watu wangapi na kwa muda gani. Mstari mmoja wa maandishi ungetosha.

Wajibu wa Shule

Shule za sekondari haziwezi, na hazipaswi, kuwajaribia wanafunzi dawa. Zinaweza, hata hivyo, kufundisha jinsi dai linavyopimwa. Mwalimu awaambie wanafunzi 40 wahesabu mapigo yao ya moyo kwa dakika moja, kila mmoja ayaandike. Achague 10 wenye mapigo ya juu kabisa, awape kila mmoja glasi ya maji ya kawaida, na kesho yake wapime tena kwa saa ile ile. Yamkini wastani wao utakuwa umeshuka. Je, maji yameponya? Kipimo cha siku ya kwanza kilichanganyika na mambo ya kupita: aliyekimbia kuwahi kengele, aliyeogopa, aliyehesabu vibaya. Aliyechaguliwa kwa kuwa juu siku moja ana nafasi kubwa ya kuwa chini kidogo siku ya pili. Mgonjwa naye huenda kwa mganga siku ile hali yake imekuwa mbaya kuliko kawaida, na akipata nafuu humshukuru mganga. Mwanafunzi aliyeyaona hayo kwa mikono yake ataelewa kwa nini kundi la ulinganishi haliwezi kuachwa.

Mwanafunzi huyo akirudi nyumbani likizo, akamkuta bibi yake ameacha vidonge vya shinikizo kwa ajili ya chupa yenye maandishi ya kisayansi, atakuwa na la kusema kwa adabu. Hatahitaji kuitukana chupa wala kumdharau aliyeiuza. Ataomba tu bibi aendelee na vidonge, amweleze daktari kila anachokinywa, na apimwe. Walimu wanaoweza kumwandaa kijana kwa mazungumzo hayo watakuwa wamelitumikia taifa, na watakuwa wameitumikia pia mitishamba yake, ambayo baadhi yake, ikipimwa kwa haki, bado inaweza kuwapa watu dawa.